Msitu Uliofagiliwa

Seremala alikuwa na maneno yake kuhusu mke wake, na aliyasema kila alipopata msikilizaji. "Mimi nahangaika mbao zisioze, mwenzangu analipwa kuangalia zinavyooza. Sasa hapo nani kamuoa nani?" Watu walicheka, na mke alicheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Alikuwa mtaalamu wa ikolojia, na katika elimu yote hiyo pana, yenye simba na tembo na ndege wa kila rangi, yeye alichagua magogo. Wenzake walimwita Daktari wa Magogo. Mwanzoni walilisema jina hilo kwa dharau, lakini lilimkaa vizuri hata wenye dharau wakasahau kwamba lilikuwa tusi.

Alianza kazi katika kituo cha utafiti akiwa binti aliyetoka chuoni jana, buti mpya zinambana. Mkuu wa kituo wa enzi hizo alimtuma msituni kuhesabu miti. Katika kuhesabu akajikwaa kwenye mti ulioanguka, akaenda nao chini, na gome likabanduka likabaki mkononi mwake. Ndani palikuwa na mtaa mzima: mabuu manene, mchwa, tandu, jongoo, mbawakavu weusi wanaong'aa, na tando nyeupe za kuvu zilizojipenyeza kila upenyo. Alipopeleka hesabu yake akauliza kama na mti huo auandike. "Huo umekufa," akasema mkuu. "Sisi tunahesabu mizima." Binti akajibu kwamba wapangaji wake wote wako hai. Mkuu akamtazama juu ya miwani. "Andika miti mizima, binti yangu. Hayo mengine utayafanya ukiwa na kituo chako."

Kituo chake hakukipata maisha yake yote. Alichopata ni uwazi mmoja katikati ya msitu, nao aliupata kwa ukaidi. Barabara ilikuwa inapasuliwa ng'ambo ya pili na mkandarasi alikuwa anaangusha miti mikubwa na kuisukuma kando kama takataka. Akaenda kumwomba magogo hayo. Mkandarasi akamwuliza anataka mbao za kujengea nini. Akasema hajengi, anataka ziharibike. Mtu yule alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa trekta bure, nadhani kwa kumwonea huruma.

Basi akayapanga magogo yale ubavu kwa ubavu, kila aina ya mti na wenzake. Mengine aliyaacha na magome yake, mengine akayamenya. Mengine yalilala chini tumbo zima, mengine aliyainua kidogo juu ya mawe. Kila moja akaligongomelea kibati cha duara chenye namba. Kila mwisho wa mvua alikwenda kuyapima. Alikuwa na sindano ndefu ya chuma aliyoisukuma ndani ya gogo kuona limelainika kiasi gani, na alikuwa na ndoo aliyoifunika juu yake kukusanya hewa, kwa maana gogo linalooza hupumua. Vipande alivikausha katika tanuri la maabara, na siku hizo ukumbi mzima wa kituo ulinuka uyoga. Karani wa mapokezi alikuwa anafungua madirisha bila kusema neno, na kumbe kutosema kwake ndiko kulikuwa kusema.

Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba haimalizwi na mtu mmoja. Mti laini huisha mapema, lakini yale magogo ya mti mgumu yangeweza kuchukua maisha ya watu wawili kabla hayajawa udongo. Katika mkutano mmoja wa wasomi, bwana mmoja aliyevaa tai alisimama akamwuliza, "Na matokeo ya mwisho yakija, wewe utakuwa wapi?" Daktari akajibu, "Chini, naoza. Ila mimi nitakuwa nimeshamaliza, nina mbao kidogo." Ukumbi ulicheka, naye alicheka, lakini alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Alijua kwamba siku moja lazima ampe mtu kazi hiyo, na mtu huyo hakuwapo.

Miaka ya mwanzo hakuwa na cha kuchapisha. Waliosoma naye walipanda vyeo wakawa na madereva. Yeye alibaki na meza ileile yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha mbao na mume wake. Baadaye ikatoka makala yake ya kwanza, majarida mawili yakaikataa, la tatu likaikubali shingo upande. Ilisema jambo ambalo leo linaonekana dogo: kwamba msitu ukiondolewa miti yake iliyokufa, unaondolewa chakula, na kwamba wanaolia kwanza ni mabuu, kisha ndege, kisha miche inayoota juu ya magogo hayo. Ikasomwa. Ikarejelewa na mmoja, na wengine wakamrejelea huyo mmoja. Katika nchi ambazo hajawahi kuzitia mguu, watu waliokuwa wakikokota miti iliyokufa nje ya misitu yao ili misitu ionekane nadhifu wakaamriwa waiache ilale. Wasomi walianza kuja na mikoba yao, wakapiga magoti mbele ya magogo yake, wakayanusa. Mwanafunzi wake wa kwanza, kijana mwenye bidii na haraka nyingi, alipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa Mkurugenzi wa kituo. Bado alimwita Mwalimu, tena mbele za watu.

Na palikuwa na Nyapara. Huyu ndiye aliyesimamia wafyekaji wa njia na walinzi wa msitu, mtu mrefu mwenye mluzi uliosikika mpaka bondeni. Siku aliyoanza kazi, Daktari alimpeleka kwenye uwazi akamwambia, "Haya yasiguswe."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka nitakaposema."

Hayo tu. Na Nyapara alilishika neno hilo kama mtu ashikavyo amana. Aliwazuia wakata kuni, akagombana na wachoma mkaa, akanyimwa salamu na majirani zake mwenyewe. Mwaka mmoja moto ulipanda kutoka mashambani, naye na watu wake waliupiga kwa matawi mabichi mchana kutwa hadi ukalala hatua chache kutoka gogo la kwanza. Kesho yake Daktari alifika mbio. Alizunguka akagusa kila kibati, akashusha pumzi, na ndipo alipoona kwamba Nyapara hana nyusi. Alimpa pole, tena pole ya kweli. Lakini aliitoa baada ya magogo. Katika makala ya mwaka ule, mwishoni kabisa kwa herufi ndogo, aliwashukuru "wafanyakazi wa kituo".

Miaka ikaenda, na umri haubishaniwi. Barua ya kustaafu ilifika. Mkurugenzi akaandaa sherehe ya kumuaga, na akaamua ifanyike palepale kwenye uwazi, mbele ya wakubwa na wageni wa mbali. Daktari alikubali haraka kuliko ilivyo kawaida yake, maana alikuwa na jambo moyoni. Ilikuwa inasemwa kituoni kwamba eneo lile limetengwa kwa ajili ya nyumba za wageni. Alikusudia asimame siku hiyo aombe hadharani kwamba magogo yaachwe yamalize safari yake, na apewe mtu wa kuyapima baada yake. Mkurugenzi angewezaje kukataa mbele ya macho yote yale? Ahadi ni deni, na ahadi yenye mashahidi ni deni zaidi. Hakumwambia mtu isipokuwa seremala.

"Wakikataa?" seremala akauliza.

"Wakikataa, nimefanya kazi nusu."

"Nusu ya kazi yako ni nzima ya mtu mwingine, mke wangu."

"Usinifariji. Gogo halipimwi nusu."

Asubuhi ya sherehe waliondoka mapema wawili, wapate kutembea taratibu kwenye njia nyembamba. Kabla hawajafika, seremala akasimama. Pua yake ilikuwa imefanya kazi kwenye karakana tangu ujana. "Kuna mtu kapasua mbao," akasema. Daktari akampita. Alianza kwenda haraka, halafu akaanza kukimbia, na miguu yake haikuwa ya kukimbia tena.

Uwazi ulikuwa umefagiliwa. Si kuokotwa takataka: ulifagiliwa kwa ufagio, ardhi tupu yenye mistari, kama ua wa mtu anayengojea posa. Majani yote yalikuwa yamechomwa. Magogo laini, yale yaliyokaribia kuwa udongo, yalikuwa yamezolewa kwa koleo na kutupwa korongoni. Na yale ya mti mgumu yalikuwa yamekatwa kwa msumeno wa injini vipande sawasawa, vikasuguliwa juu, vikapangwa nusu duara. Vigoda. Pembeni mwa baadhi ya vigoda, vibati vilikuwa vimegongomelewa upya, vimesuguliwa kwa majivu mpaka vikang'aa.

Nyapara alikuwa amesimama na watu wake, sare zimefuliwa na kunyooshwa, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Karibu, Mama. Umeona?"

Daktari aliona. Seremala ndiye aliyeuliza, kwa upole, nani amesema yakatwe.

"Mkurugenzi kapiga simu, akasema pasafishwe na wageni wapate pa kukaa. Viti haviwezi kupita kwenye njia hii. Nikawaza. Mama aliniambia yasiguswe mpaka atakaposema. Sasa Mama anaaga. Nikaona, basi, ndiyo amesema. Hayawezi kumngojea tena." Akamgeukia Daktari. "Nikasema tusiyaache yaishie kuwa kuni za watu. Yakufae siku yako. Hicho kikubwa pale katikati ni chako."

Nisikilize vizuri hapa: mtu huyu hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa amelinda mali ya mtu kwa uaminifu, na mwenye mali alipomaliza muda wake akamkabidhi kwa heshima zote alizozijua. Walikesha na misasa wale watu. Wahenga walisema mganga hajigangi. Misitu ya watu wa mbali, waliosoma maandishi ya mama huyu, haifagiliwi. Wake ukafagiliwa, na waliofagia walifanya hivyo kwa kumpenda.

Daktari akakaa kwenye kigoda kikubwa. Seremala akasimama nyuma yake, mkono begani. Alitaka kusema neno la maana, na badala yake likamtoka la kiseremala: "Wamekata sawa, lakini." Akajuta papo hapo. Daktari akatoa kicheko kifupi kibaya, kisha machozi yakafuata, na Nyapara alipoyaona akadhani ni ya furaha, akainamisha macho kumstahi.

Mkurugenzi alipofika na wageni wake, alisimama kwenye ukingo wa uwazi kama aliyegongana na mlango. Alikuwa amepima magogo yale kwa mikono yake ujanani. Akamsogelea Daktari akanong'ona, "Mwalimu, nani kafanya hivi? Leo hii ataondoka."

"Ulimwambiaje kwenye simu?"

"Nilisema pasafishwe."

"Basi pamesafishwa."

Wageni wakakaa kwenye vigoda. Wachache waliokuwa wakijua walibaki wamesimama, nyuso zimewashuka. Hotuba zikatolewa, makala zake zikatajwa, nchi zilizofuata maneno yake zikatajwa. Zamu yake ilipofika alisimama akatazama kigoda hadi kigoda. Ombi alilokuja nalo halikuwa na kazi tena. Huwezi kuomba kitu kilindwe wakati watu wamekikalia. Akawashukuru kwa kuja. Akasema msitu umemlea vizuri. Akaketi. Watu walipiga makofi, na nyuma kabisa, waliopiga makofi marefu kuliko wote ni wafyekaji na Nyapara wao.

Wiki iliyofuata Nyapara alikuja nyumbani kwake, amevaa shati lake la kawaida. Seremala alimkaribisha kwenye ukumbi mdogo, akazima redio. Nyapara alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa amesimamishwa kazi, anangojea barua.

"Mama, sikuja kulalamika," akasema. "Mkurugenzi amenifokea, na mkubwa akifoka unanyamaza. Lakini hanielezi. Nimeuliza watu wa maabara, wananitazama tu. Nimekuja unieleze wewe. Nimeharibu nini?"

Daktari akaanza kueleza, na hapo akagundua jambo lililomfedhehesha. Maneno hakuwa nayo. Alikuwa ameyaeleza magogo yale kwa lugha ya majarida mbele ya kumbi zilizojaa, na sasa, kwa lugha aliyonyonya nayo, alikuwa anapapasa kama aliyeingia chumba cha giza. Akajaribu tena. Akasema gogo ni ghala. Akasema mti ukiwa hai unajilisha wenyewe, ukifa ndipo unapoanza kulisha wengine, na kwamba alitaka kujua unalisha nani, kwa muda gani, na msitu unapata nini mwishowe. Alieleza ndoo, alieleza sindano. Nyapara alisikiliza mikono imekaa juu ya magoti.

"Kwa hiyo ulikuwa huyangojei uyachukue."

"Hapana."

"Sisi tulijua unayangojea yakauke. Wengine walisema utajengea. Mimi nilisema la, huyu mumewe ni seremala, ni akiba ya mume." Akamtazama seremala, na seremala akatazama sakafu. "Na yangeisha lini?"

"Yale makubwa? Mimi na wewe tungekuwa tumezikwa. Mtu mwingine angekuja kuyaangalia, na baada yake mwingine."

Nyapara akarudi nyuma kitini. Alifuta uso kwa kiganja, kuanzia paji hadi kidevu. "Kumbe kustaafu kwako hakukuwa mwisho wake."

"Hakukuwa."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

Angeweza kusema kazi zilikuwa nyingi. Angeweza kusema alidhani anajua. Majibu hayo mawili yalifika mdomoni akayarudisha. "Sikufikiri unahitaji kujua," akasema. "Nilifikiri unahitaji kulinda tu." Aliona aibu, aibu nzito ya mtu mzima isiyo na mahali pa kuiweka, na hakuificha. Seremala akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Siku zile barua zilikuwa zinamiminika kutoka kwa wasomi wa mbali: imekuwaje? Wengi wao kazi zao ziliegemea magogo hayo, na walitaka tamko. Mkurugenzi alikuwa ameshaandika lake na kumletea asaini. Lilisema utafiti umekoma "kutokana na uzembe wa mfanyakazi wa ngazi ya chini". Daktari alilisoma mara moja, akalirudisha. Akamwambia ataandika lake mwenyewe, lichapishwe katika jarida lilelile lililochapisha makala yake ya kwanza. Akaongeza kwamba endapo Nyapara atafukuzwa, tamko litakuwa na sentensi moja zaidi, inayohusu simu na aliyeipiga. Mkurugenzi alikuwa mwanafunzi mzuri. Alielewa mara ya kwanza. Nyapara akarudishwa kazini.

Tamko lenyewe lilikuwa kurasa mbili. Hata leo, kati ya yote aliyoandika, hilo ndilo linalosomwa zaidi, na jambo hilo linamuuma na kumfariji kwa pamoja. Katika misitu mingi ya utafiti sasa, kabla gogo au kigingi hakijawekwa, watu huketi na wafyekaji na walinzi wakaambiana kila kitu mpaka kila mmoja aweze kukieleza kwa mwenzake. Vijana wanaofanya hivyo hurejelea kurasa zile mbili. Maisha yake yote ya sindano na ndoo yamewekwa kwenye marejeo kwa namba ndogo. Kosa lake limewekwa kwenye kanuni.

Lakini kabla hajalituma, alimwita Nyapara aje alisikie. Walikaa ukumbini, seremala kwenye kiti cha mlangoni. Alimsomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja, akitafsiri kutoka kwenye karatasi. Alipofika mahali pa sababu akapunguza mwendo. "Magogo yalikatwa na watu walioyalinda kwa uaminifu tangu mwanzo. Hawakujua yalikuwa ya nini, kwa sababu mtafiti hakuwaeleza." Akainua macho. Juu ya karatasi aliandika majina mawili ya waandishi, la kwanza lake na la pili la Nyapara, na akamwonyesha kwa kidole.

Nyapara aliliangalia jina lake kwa muda. Halikuwahi kuchapwa mahali isipokuwa kwenye orodha ya mishahara. "Kama tamko hili ni langu pia," akasema, "halijakamilika."

"Limepungua nini?"

"Umesema hukunieleza. Ni kweli. Lakini nami nina mdomo, Mama. Nimepigana na moto kwa ajili ya kitu nisichokijua, nikarudi nyumbani mke wangu akaniuliza ni cha nini, nikamwambia ni cha Daktari. Sikukuuliza. Andika na hilo."

"Wewe huna kosa katika hili."

"Sisemi nina kosa. Nasema nilikuwepo."

Daktari akachukua kalamu, na chini ya sentensi yake akaandika ya Nyapara kama alivyoisema: nami sikuuliza.